Meku Elisaria Anajifunza Kiingereza

Saa kumi alasiri Loveness alifika Majengo, daftari kwapani, akapanda ngazi hadi chumba cha Mwalimu Ezra juu ya duka la fundi cherehani. Alikuwa amebeba mizigo ya watalii Kilimanjaro miaka kumi na minne. Mara mbili ameomba leseni ya kuongoza wageni, na mara mbili msaili, Bwana Basili, amemkatisha kwenye sentensi ya kwanza.

"I am knowing the mountain," alisema Loveness.

"Asante. Mwingine," alisema Basili.

Hayo tu! Kichwa kilichofikisha kilo ishirini kambi ya mwisho kikarudishwa nyumbani kwa sentensi moja, jamani.

Siku hiyo kwenye benchi la nyuma alikaa baba yake, Meku Elisaria, aliyefariki mwaka wa tisa sasa na kuzikwa kihambani kwao Mbokomu, katikati ya migomba. Viatu vyake vilikuwa na udongo mbichi.

"Shikamoo, Meku," alisema Mwalimu Ezra.

"Marahaba. Endelea, usinisubiri mimi."

Mwalimu akaendelea. Kubeba, kupanda, kupika, alisema, ni vitendo. Vikiwa vinafanyika sasa hivi, Mwingereza huvipa mkia wa '-ing': "I am climbing." Lakini kujua, kupenda na kumiliki ni hali. Hazitembei, zimekaa. "Hapo ni 'I know', basi. Hakuna mkia."

Meku akanyoosha mkono. "Na mimi niliyekufa?"

"Mlima bado unaujua?"

"Kila jiwe."

"Basi ni 'I know', Meku. Wakati uliopo."

Mzee akaandika. Alibeba mizigo miaka thelathini, na hakuna mgeni aliyewahi kumuuliza anajua nini.

Alihudhuria mwezi mzima. Hati yake ikawa nzuri kuliko ya binti yake, na Loveness alikasirika kweli. "Baba, unaniaibisha."

"Mwenzio sina shughuli nyingine," alijibu.

Siku ya usaili foleni ya wapagazi ilifika getini. Loveness aliingia. Basili akamuuliza mlima anaujuaje.

"I am knowing..." Mkia ukatoka wenyewe. Basili akainua kichwa aite mwingine.

Meku alikuwa ameingia nyuma ya binti yake. Akaweka mezani jani la isale, lile la kuombea msamaha, lililofungwa fundo. Basili ni mtoto wa Marangu. Alijua, kama ajuavyo kila Mchagga, kwamba ukiletewa isale hukatai, hata uwe na hasira ya kuua. Unakaa, unamsikiliza mtu mpaka mwisho. Tena hili limeletwa na marehemu mwenyewe. Akatulia kitini.

"Haya, dada. Endelea."

"I know the mountain," alisema Loveness, na hakuishia hapo. Alieleza maji ya wapi huganda kwanza. Alieleza midomo ya mgeni inavyobadilika rangi kabla hajakiri kwamba anaumwa, na namna ya kumwambia tajiri ageuze arudi chini. Alizungumza dakika arobaini. Basili akagonga muhuri. Loveness akajipigia vigelegele humo humo ofisini, machozi yakimtoka kwa furaha.

"Aika mbe," alimshukuru baba yake.

Basili akalitia isale kwenye droo, akaifunga. "Mwingine!" Akaingia Fredy, mpagazi wa miaka ishirini. "I am knowing..."

"Asante. Mwingine."

Wiki iliyofuata Loveness alipanda akiwa mbele, kofia mpya kichwani. Nyuma yake wageni wanne, na nyuma yao Meku, mikono mitupu kwa mara ya kwanza katika mlima ule. Mgeni mmoja akauliza yule mzee ni nani.

"My father," alijibu Loveness. "He knows the mountain."

Mgeni akampungia mkono, Meku akapunga. Mwisho kabisa alikuja Fredy na mzigo wake kichwani, akinong'ona kwa kufuata hatua, "I know, I know, I know." Meku akapunguza mwendo, wakatembea pamoja.