Ngoma Isiyompisha Mtu

Urbano, fundi wa kurekodi nyimbo, hakuwahi kupima sauti kwa macho. Wenzake wa siku hizi wanakodolea macho mistari ya kompyuta inayopanda na kushuka, yeye alifumba macho, akasogeza kitufe kidogo, akasema, "Hapo." Ukimuuliza amejuaje, ananuna. Mwimbaji akimbishia, humwambia sikio la kufa halisikii dawa. Kwaya zilimjia kwenye studio yake mtaani Utemini, kutoka vijiji vya Iguguno mpaka Shelui, na jina lake lilikuwa kubwa kuliko hiyo studio yenyewe.

Siku ya uzinduzi wa albamu ya kwaya ya Iguguno, alikalishwa mbele pamoja na wachungaji. Wimbo ukapigwa, vigelegele vikalipuka. Urbano peke yake akakunja uso.

Ilikuwa ngoma. Katika kazi yake, Pendo, mwimbaji wao wa mbele, anapoanza kuimba, ngoma hurudi nyuma kidogo, kama mtu anayempisha mama mlangoni. Hii haikumpisha mtu.

Akamvuta pembeni Theodora, kiongozi wa kwaya. "Nani kagusa wimbo wangu?"

"Hakuna, mzee."

"Theodora! Mimi ndiye niliyekufundisha kusimama mbele ya maiki. Nani?"

Mama wa watu akatazama chini. "Karan."

Karan, mtoto wa wenye duka la vitambaa mjini, ambaye Urbano mwenyewe alimfundisha kusikiliza.

"Utusamehe, mzee. Kazi zako siku hizi zinachoma. Zile sauti nyembamba za juu unazizidisha mno, mpaka watoto wanaziba masikio. Tunadhani huzisikii tena. Kwa hiyo tukitoka kwako tunapitia kwa Karan, anazipunguza. Safari hii kagusa na ngoma."

"Tangu lini?"

"Tangu masika ya mwaka juzi. Kwaya zote."

Kwaya zote! Na zote zilisimama studio kwake zikitingisha vichwa, imetulia mzee, wewe hukosei. Mkubwa haumbuliwi, ndivyo walivyolelewa. Basi wakamsitiri mpaka wakamvua nguo. Iliuma vibaya. Afadhali wangemtukana, maana nyimbo alizokuwa akijisifia zilipopigwa redioni hazikuwa zake peke yake, na mji mzima ulijua.

Wiki iliyofuata ikaja kwaya nyingine. Shikamoo zikatolewa, nyimbo zikarekodiwa. Urbano akafumba macho, akasogeza kitufe, akasema, "Hapo."

"Imetulia, mzee," wakasema, vichwa vikitingishika.

Akawakabidhi kazi yao bila kuwatazama.

"Mwambieni Karan ngoma asiiguse."