Mkwe Aliyeinama Mbele

Nafuna hakuchukia kuoga, alichukia kuogeshwa. Tangu mgongo wake ukatae kuinama, binti yake Annah alikuja kila asubuhi na beseni, akachuchumaa, akamsugua miguu na kumkata kucha. Nafuna alifumba macho. Mwanamke aliyezaa watoto sita, leo anasuguliwa katikati ya vidole kama kitoto cha juzi. Uchafu wake mwenyewe ukielea kwenye maji ulimtia kichefuchefu.

Alikuwa ametoka kwake Malukhu, Mbale, kuja Jinja kutafuta matibabu, akafikia kwa mdogo wake Nambozo huko Mpumudde. Kwa Annah, papo hapo mjini, asingeweza kulala. Mama mkwe halali chini ya paa la mkwe wake, na Gidudu, mume wa Annah, askari wa magereza, hakuwahi hata kutafuna kitu mbele yake. Wakikutana njiani, mmoja alipinda kona.

Daktari alimwambia, "Mama, vidonge umemeza vya kutosha. Nenda yoga."

Akaenda. Mlango wa ukumbi ulipofunguliwa, harufu ilimpokea kabla ya watu: soksi, kwapa, na mikeka ya plastiki iliyolaliwa na kila mtu hadi ikanata. Akatandika kitenge chake juu ya mkeka mmoja, kwa ncha za vidole.

"Hawa wote wanaumwa?" akamuuliza mwalimu Ketty, Mwacholi aliyekulia kwenye kambi ya waliokimbia vita.

"Kila mtu ana yake, mama. Ule wa boda, mgongo. Ile dada amezaa, tumbo imelegea. Maafande huko mbele, presha na hasira. Hata mimi nilianza sababu usingizi ilinikimbia."

"Na mimi nina yangu, lakini sikuja nayo uchi."

Ketty akacheka. "Mikono chini, kiuno juu. Pumua."

Nafuna alizoea kuwategea wajukuu vitendawili, na hapo alijitegea mwenyewe. Wamepiga magoti, hawaombi. Wameinama, hawalimi. Jibu lilikuwa mbele ya pua yake, limevaa bukta. Bukta yenyewe ililowa, ikaingia mahali ambapo nguo ya mtu mzima haina safari. Jasho lilichuruzika mapajani mwa mwanamume aliyeivaa hadi kwenye visigino vilivyopasuka. Mate yakamjaa Nafuna mdomoni. Ndipo yule mtu akachungulia katikati ya miguu yake, uso chini juu, umevimba kama papai bovu.

Alikuwa Gidudu.

Gidudu alianguka kifudifudi kwa kishindo. Nafuna alijifunika kitenge kichwani, akatoka kinyumenyume, akatema mate ukutani. Kwao husemwa kwamba mkwe akiona maungo ya mkwe, mikono humtetemeka hadi kaburini. Alipofika nyumbani alishika kikombe cha chai, akawa anautazama mkono wake tu.

"Dada, kwani umeona nini hasa?" Nambozo aliuliza, midomo ikimcheza kwa kicheko.

"Usinikumbushe. Hata chai imekataa kushuka."

"Si urudi ukae mbele yake?"

"Nikikaa mbele, ananiona. Nikikaa nyuma, namwona. Tegua hicho."

Nambozo alifikiri. "Nimeshindwa. Chukua mji."

"Mji wa nini? Mimi nataka mgongo."

Asubuhi Annah alikuja na beseni, macho mekundu. "Mama, mkweo, Baba Jimmy, amekataa kurudi yoga. Anasema heri presha imuue."

"Amesema vizuri. Hata mimi sirudi."

"Alianguka kwenye gwaride, mama, hukuambiwa tu. Presha yake imeanza kushuka juzijuzi, kwa yoga hiyohiyo. Sasa nitakuwa mjane kwa sababu ya bukta?"

Nafuna alitumbukiza mguu kwenye beseni. Annah akaushika mguu wake na kuanza kusugua, na maji yakaanza kugeuka rangi. Mwanawe mjane, na yeye wa kusuguliwa mpaka afe. Hilo lilimkera kuliko bukta.

"Nambozo," akaita, "ile shuka yako kubwa iko wapi?"

Siku ya yoga iliyofuata, shuka ilifungwa kwa kamba katikati ya ukumbi, wanaume huko, wanawake huku. Gidudu aliingia kwa mlango wa nyuma akiwa amevaa suruali ndefu, hivyo ndivyo Ketty alivyomwambia Nafuna. Nafuna aliinama, na kutoka ng'ambo ya shuka ukapita upepo ambao haukutoka dirishani.

Akabana pua. "Ketty, mwambie huyo mtu wa huko, siku ya yoga asile maharagwe."

"Afande, mama anasema usile maharagwe."

Kisha sauti ndogo: "Mwambie mama nimesikia."

Nafuna alikunja uso, akatamani kutema, akameza. Hakutoka. Aliteremsha mkono kwenye goti, kwenye ugoko, akapumua kwa mdomo, akauteremsha tena, kuelekea vidole vya mguu.