Kinywani mwa Farasi

Siku ya tano baada ya farasi kung'olewa gego, Mwaisha aliingia bandani peke yake kwa mara ya kwanza. Mumewe, Stambuli, alikuwa kitandani. Homa ilimkamata tangu alfajiri, akawa anatetemeka chini ya mablanketi mawili. Kazi ya farasi haikungoja mtu apone, na pale nyumbani kwao Kilakala, tangu binti yao Asia aolewe, hapakuwa na mwingine wa kuifanya.

Mwaisha hakumpenda farasi yule. Stambuli alimtoa kwenye shamba moja la mkonge upande wa Ngerengere. Mzungu mwenye mali alikuwa ameondoka na kumwacha kwenye kamba, mbavu nje, usaha ukimchuruzika puani. Wakaja kwa miguu, mtu na mnyama, siku mbili njiani. Tangu arudi kutoka vitani Burma, Stambuli alikuwa mtu wa maneno ya kuhesabika. Miaka miwili sasa mkewe alikuwa akila naye chakula kimyakimya. Lakini kwa farasi aliongea mpaka sauti yake ikafika jikoni. Hata jina alimpa, Meja. Hilo lilimuudhi Mwaisha kuliko ile harufu ya usaha.

Bwana mifugo aliona gego la juu limeoza hadi mzizini. Wanaume sita walimwangusha Meja, akanusishwa dawa ya usingizi, kikatobolewa kitundu chini ya jicho la kushoto na gego likagongwa kwa juu mpaka likaangukia kinywani. Pengo lilizibwa kwa kizibo cha nta, chakula kisiingie. Kisha bwana mifugo akapanda treni kwenda Kilosa, hadi Jumamosi. Aliacha maagizo: asubuhi na jioni maji ya chumvi ya uvuguvugu yapigwe kwa bomba la mkono kwenye kile kitundu, nayo yatokee puani. Yakitoka puani, mambo ni mazuri.

Siku hii Mwaisha alipoingia bandani ilikuwa Jumatano.

Mwaisha alifunga hatamu kwenye nguzo, akaweka ncha ya bomba kwenye kitundu, akasukuma polepole kama alivyomwona mumewe akifanya. Maji hayakwenda. Akasukuma tena. Yakamrudia usoni, yananuka. Meja alirusha kichwa, kikampata Mwaisha begani na kumbwaga ukutani. Alipoinuka alimwona farasi amesimama kinywa wazi nusu, mate yenye damu yananing'inia. Ndoo ya uji wa pumba ya jana jioni ilikuwa imejaa vilevile. Mara Meja akakohoa, shingo ikajinyoosha, akakohoa tena kama mtu aliyepaliwa.

Mwaisha alikwenda chumbani akiwa ameshika bega.

"Baba Asia, maji hayatoki. Na anakohoa."

Stambuli alifumbua macho. "Uji amekula?"

"Hajagusa."

"Kizibo kimehama," alisema. "Kikiteleza kikashuka kooni, hafiki jioni." Akaanza kujitoa kwenye mablanketi.

"Unakwenda wapi na hali hiyo?"

"Kukitoa."

"Kwa mkono gani? Jitazame."

Stambuli akaitazama mikono yake. Ilikuwa inacheza yenyewe. Akakaa ukingoni mwa kitanda, na Mwaisha akadhani ameelewa, atalala.

"Burma nilikuwa na nyumbu kumi na wanne," alisema. "Tulipofika mtoni tukaambiwa tuwaache. Walitufuata mpaka kwenye maji, mama Asia. Nilikuwa nawajua kila mmoja."

 Katika miaka miwili hayo ndiyo yalikuwa mengi kuliko yote aliyomwambia kuhusu vita.  Mwaisha akakunja mikono ya gauni lake juu ya viwiko.

"Niambie nifanye nini."

Chuma cha kupanulia kinywa bwana mifugo alikuwa amekwenda nacho. Stambuli alieleza njia nyingine waliyoitumia jeshini: ulimi wa mnyama unavutwa nje kwa pembeni, upande wa kulia, unashikwa kwa kitambaa kikavu. Farasi hafungi meno huku ulimi wake mwenyewe uko katikati.

"Na ukikuponyoka?"

"Atafunga," alisema Stambuli.

Wakaenda bandani. Stambuli alijiegemeza kwenye nguzo, blanketi mabegani, akauvuta ule ulimi mpana, akauzungushia kipande cha kanga.  Mwaisha akasema bismillahi, akapeleka mkono kinywani.

Ndani kulikuwa na joto. Magego ya chini yalikuwa makali kama kingo za jiwe lililopasuka, yakamkwaruza. Akapita karibu na shavu, juu, nyuma, mpaka kiwiko kikakaribia midomo. Meja akakoroma na kurudi hatua moja, nao wakarudi naye.

"Nimegusa. Kimekaa upande."

"Usikisukume. Kishike kwanza."

"Kinateleza."

"Taratibu, Meja," Stambuli alisema, na jasho lilikuwa linamtiririka. "Mama Asia, vidole vyangu vinakufa ganzi. Fanya sasa."

Alipenyeza kucha mbili nyuma ya nta, akavuta. Hakikuja. Akavuta kwa nguvu zake zote. Kitu kikaachia, majimaji ya moto yakamwagika mkononi mwake, naye akauchomoa mkono. Sekunde hiyohiyo ulimi ukamponyoka Stambuli, meno yakagongana kwa kishindo.

Mwaisha alivihesabu vidole vyake. Vilikuwepo vyote. Kiganjani alikuwa ameshika kizibo, nyasi zilizooza, na kipande cha jino chembamba kama sindano ya kushonea mkeka. Akakaa chini kwenye majani.

Walipopiga bomba tena, maji yalizuiwa kidogo, kisha yakatoka puani, machafu, baadaye meupe. Ila Meja hakula. Adhuhuri ikapita. Stambuli alirudishwa kitandani kwa kulazimishwa, na Mwaisha akabaki bandani na ndoo. Alasiri alichota uji kwa kiganja akamsogezea. Farasi alinusa, akageuza kichwa. Akamsogezea tena. Mara ya tano au ya sita, midomo ilipita kiganjani mwake, na alipotazama, uji haukuwepo.

Bwana mifugo aliporudi aliwagombeza sana, akasema mkono ungekatika. Kisha akaliangalia pengo kwa muda mrefu, akalisafisha na kuweka kizibo kingine. Meja aliishi miaka sita zaidi. Alibeba kabichi za watu wa mlimani, shavu la kushoto limebonyea, na akipanda mlima pua ya upande huo ilipiga mluzi. Stambuli alipopona homa aliendelea kuongea naye bandani. Mwaisha naye alihamishia kigoda chake huko, akawa anachambua mchicha na kusikiliza, na siku nyingine alijibu yeye.