Kata ya Bibi

Huko Makurunge, jikoni kwa Bi Mwanamvua, kata ilikuwa kifuu cha nazi chenye mpini mrefu, na kazi yake ilikuwa kuchota maji mtungini. Unachota, unamimina sufuriani, unabandika. Mtungi unabaki na maji yake. Adila, mjukuu wake, alikulia kwenye jiko hilo. Miguu ya bibi ilipogoma, aliacha shule darasa la tano ili amtunze, na yale aliyoyakosa darasani aliyafidia kwa sauti ya bibi, sauti ya taratibu isiyojua kukaripia.

Baada ya mazishi ya bibi alihamia Bagamoyo kwa shangazi yake, akajiunga na mafunzo ya kompyuta katika chumba kilicho nyuma ya duka la vitambaa. Alikuwa na haja moja tu. Simu ya marehemu ilikuwa ikizimika ovyo, na ndani yake mlikuwa na sauti ya bibi akieleza namna ya kupika visheti. Alitaka kuiokoa kabla simu haijafa. Hakumwambia mtu. Darasani alikaa nyuma, akiulizwa anatikisa kichwa, hata Muharami, fundi baiskeli mwenye mdomo, akambandika jina la Bi Kimya.

Mwalimu Wahida alikuwa ameziweka kompyuta zote kwa Kiswahili. Ijumaa ile aliwafundisha kuhamisha mafaili, kila mtu na simu yake na waya wake. Adila akaigusa sauti ya bibi, maneno yakafunguka: Kata. Nakili. Bandika. Nakili aliiona kama neno la maofisini. Lakini kata na bandika! Akatabasamu peke yake. Akakata, akabandika, na sauti ikatokea kwenye kompyuta. Darasa lilipovunjika kwa ajili ya swala, alirudi nyumbani amejaa furaha.

Alipokuwa akikuna nazi akaifungua simu amsikilize bibi, kama alivyozoea. Hamkuwa na kitu. Akatafuta kila mahali, wapi! Ndipo alipoelewa kwamba kata hii haikuwa ile ya Makurunge. Hii ilichota mpaka mtungi ukabaki mkavu. Na mwalimu alikwisha kuwaambia kwamba kila Ijumaa, wakati wa swala, yeye husafisha kompyuta na kufuta mafaili ya wanafunzi.

Aliacha nazi pale pale, akajitupia ushungi, akaenda mbio. Alikuta darasa limekwisha kurudi. Siku nyingine angesimama mlangoni mpaka aonekane. Leo alipiga hodi hadi vichwa vikageuka.

"Mwalimu, umefuta?"

"Nimefuta nini?"

"Bibi yangu."

"Bi Kimya kapata ulimi," alisema Muharami, "bibi naye kapotea."

Watu wakacheka. Adila hakuinamisha kichwa. Alieleza kwamba bibi yake ni marehemu, kwamba sauti yake aliichota kwa kata akidhani itabaki na kwenye simu, na kwamba hana nyingine. Kicheko kikafa. Mwalimu akavuta kiti, akafungua pipa la taka la kompyuta. Alikuwa amefuta kweli, ila pipa alikuwa hajalimwaga. Akapekua, akapata faili moja la sauti, akalirejesha, kisha akalibofya kuhakikisha. Spika zilikuwa zimefunguliwa mpaka mwisho.

"Assalaam aleikum," alisema Bi Mwanamvua, ambaye siku aliporekodiwa alidhani ndani ya simu mna mtu.

"Waaleikum salaam," darasa zima likaitika, na Muharami pia, kabla hawajajua wanamwitikia nani.

Bibi akanyamaza kidogo, kama aliyewasikia. Halafu akaanza, "Kwanza unga uchunge. Usiwe na haraka, mwanangu, visheti havipendi haraka..."

"Sasa twende kwenye nakili," mwalimu alimwambia Adila kwa sauti ya chini, akimsogezea kipanya.

Adila alikuwa ameshika tama, macho ameyafumba.

"Mwache kwanza amalize, Mwalimu."