Unga wa Ulezi kwenye Rejeta

Kinyozi hajinyoi, na Felisiani, fundi wa magari pale Mazwi, alikuwa hajitengenezei lake. Ya wenzake aliyapokea hata Jumapili akitoka misani. Korola yake kuukuu ilivuja maji mwezi mzima, naye akawa anaiziba kwa unga wa ulezi. Ndiyo, unga! Ni ujanja wa madereva wa zamani: unamimina vijiko viwili kwenye rejeta, joto la injini linaupika, uji unaganda penye tundu. Ni wa kukufikisha nyumbani tu. Wateja waliofanya hivyo aliwafokea, kisha jioni anaongeza vijiko vingine kwenye rejeta yake.

Jumanne asubuhi mdogo wake, Salome, akampigia simu kutoka Chala.

"Kaka, mama hawezi hata kuketi. Anakuulizia wewe tu. Njoo na gari tumlaze kiti cha nyuma, tumpeleke hospitali."

Tangu Pasaka alikuwa akimwahidi mama yake, "Nakuja Jumapili," na kila Jumapili akatokea mteja. Sasa hakungoja Jumapili. Akaongeza maji kwenye rejeta, akaondoka mbio.

Zikiwa zimebaki kilomita ishirini, geji ya joto ikapanda hadi mwisho. Akaegesha kando ya shamba la mahindi, akafungua boneti, mvuke ukamvaa usoni. Mpira wa chini wa rejeta ulikuwa umepasuka karibu na mdomo. Hilo lilikuwa dogo: angekata kipande kibovu, aurudishe, aukaze. Lakini maji yaliyochuruzika yalikuwa ya kahawia, mazito, na hapo akaelewa. Unga ulikuwa umeziba njia zote za rejeta, maji hayazunguki, injini imechemka mpaka mpira umeshindwa. Uji wake mwenyewe, jamani! Mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Bodaboda ikasimama. Alikuwa Timoth, mteja wake wa siku nyingi, naye Felisiani akamweleza habari ya mama.

"Fundi, panda nikuwahishe Chala. Nusu saa tu tumefika."

Felisiani akaitazama pikipiki, akalitazama gari. Mama hawezi kuketi, atapakiwaje kwenye pikipiki? "Wewe nenda tu, bwana. Mgonjwa anahitaji kulala. Hili nalimaliza sasa hivi." Na nani angemlaumu? Mimi na wewe tungejibu hivyo hivyo.

Hiyo sasa hivi yake ilikula saa tatu. Angoje injini ipoe. Afungue rejeta. Achote maji kisimani, amwage, achote tena, ndoo tisa, mpaka maji yatoke safi. Akate mpira, aukaze, ajaze, awashe, apige magoti kuangalia kama kuna panapolowa. Hapakulowa popote. Simu iliita mara mbili mikono ikiwa ndani ya injini, akasema moyoni atapiga akimaliza. Alipomaliza hakupiga, alikanyaga mafuta.

Gari lilikwenda vizuri ajabu, geji imetulia katikati. Alipoingia Chala akawaona wanaume wameketi kwenye mabenchi uani kwao, wamevua kofia. Akajua kabla hajazima injini.

Salome akatoka ndani, amejifunga kanga kiunoni, macho yamevimba.

"Saa ngapi?" Felisiani akauliza.

"Saa saba kasoro robo. Haijapita hata saa moja, kaka."

Akafunga mlango wa gari. "Alikuwa akiniulizia?"

"Kila akifumbua macho. 'Felisiani amefika?' Tunasema bado, yuko njiani. Mwishowe nilimwonea huruma, nikamdanganya. Unisamehe. Nikamwambia, mama, amefika, yuko hapo nje anaegesha gari."

"Akasemaje?"

Salome akaanza kulia upya. "Akafurahi. Akataka tumgeuze aelekee mlangoni. Akautazama, akautazama, kisha akaniuliza, 'Sasa mbona haingii?'"

Felisiani akakaa chini palepale vumbini, akalia kwa sauti, mtu mzima na ndevu zake, na hakuna aliyejaribu kumnyamazisha. Baadaye wazee wakaja kumshika mkono wamwingize ndani akamwone mama yake. Miguu ikakataa kuvuka kizingiti.