Vipande Hamsini na Vinne

Kijiko kiligonga ukingo wa kikombe mara tatu, polepole, kikanyamaza.

Bibi alifumbua macho gizani. Alikuwa ameshajifunza kukisikiliza kile kijiko. Kikigonga mara moja kwa haraka, basi binti yake ameamka salama na anawahi kazini. Kikigonga hivi, kama mkono wa mtu aliyesahau anakoroga nini, basi hajalala kabisa na chai yenyewe imeshapoa.

Akajitanda shuka, akachungulia chumba cha mjukuu. Mtoto alilala kifudifudi, mguu mmoja nje ya kitanda. Bibi akaurudisha mguu ndani, kisha akaenda jikoni akishika ukuta, kwa kuwa magoti yake huamka baada yake.

Binti alikuwa mezani, kompyuta wazi mbele yake, karatasi zimetapakaa mpaka juu ya mfuniko wa sufuria.

"Umeimaliza?" Bibi aliuliza.

"Nimeimaliza, Mama. Au yenyewe ndiyo imenimaliza, bado sijajua."

"Kunywa chai."

"Imepoa."

"Najua. Lete nikupashie."

Binti alifundisha chuoni kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, na huu wa sasa ulibakiza miezi miwili. Mkuu wa idara alikuwa amemwita ofisini, akafunga mlango taratibu kama wanavyofunga wenye habari mbaya, akamwambia kwamba bila makala iliyokubaliwa kwenye kongamano la mwaka huu hana namna tena ya kumtetea. Makala mbili zilikuwa zimekwisha kukataliwa, ya mwaka juzi na ya mwaka jana. Hii ilikuwa ya tatu, na mwisho wa kuipeleka ulikuwa leo, saa sita mchana.

Ilihusu foleni. Kwa miezi minane binti alikuwa akikaa kwenye benchi la zahanati tangu alfajiri, daftari mapajani, akitazama jinsi wagonjwa wanavyoshikiana nafasi. Mama anayekwenda kunyonyesha kivulini huacha kiatu kimoja. Mzee asiyeweza kusimama huacha chupa ya maji. Foleni ikisogea, aliye nyuma hukisogeza kile kiatu kwa mguu wake, bila kuambiwa, hata kama mwenye kiatu hamjui. Bibi alikuwa amesomewa kurasa zote huku akichambua mboga, na kila mara alisema neno lile lile: "Umewaona watu vizuri, mwanangu." Naye binti alijibu kila mara kwamba wasomaji wa kongamano hawatoi alama kwa kuona watu vizuri.

"Leo nasimamia mtihani, saa mbili mpaka saa sita," binti alisema akichomoa flashi. "Simu tunaziacha kwenye kikapu mlangoni. Utanichapishia nakala tatu pale dukani, uzipeleke ofisi ya kongamano? Jengo la zamani, chini, chumba cha mwisho. Flashi nayo iingie kwenye bahasha. Na hii fomu yenye maelezo yangu ikae peke yake, usiichanganye na makala."

"Hawapokei kwa kompyuta?"

"Mwaka jana walipokea kwa kompyuta, nusu zikapotea. Mwaka huu wanataka karatasi wanazoweza kuzikalia."

"Nimepeleka makaratasi ya watu chuoni pale kabla hujaota meno."

"Najua, Bi Taipu."

Bibi alicheka kidogo. Jina hilo alilipata katika chumba cha wapiga chapa, alipokaa miaka thelathini na moja, mbele ya mashine nne zilizoongea zote kwa wakati mmoja. Aliweka chai ya moto mbele ya binti yake, akasimama pale mpaka ilipoisha.

Duka la kuchapisha lilichelewa kufunguliwa, na lilipofunguliwa wanafunzi walikuwa wamejaa hadi barazani. Ilikuwa saa nne ilipofika zamu ya Bibi. Mwenye duka, mwanamke aliyechomeka penseli kwenye nywele, alimsogezea stuli bila kuombwa.

Ukurasa wa kwanza ukatoka, ungali na joto. Bibi akavaa miwani. Kichwa cha makala kilikuwepo, kimekaa katikati kama inavyotakiwa. Chini yake yalianza maneno moja kwa moja. Jina hakuna. Akatazama ukurasa wa pili, wa tatu, mpaka wa kumi na nane. Hakuna jina la mtu popote.

Zamani, akiwa bado mgeni kazini, aliwahi kupiga chapa utafiti wa mwalimu mmoja kijana, akauacha bila jina kwa sababu ulikuwa rasimu tu. Ile rasimu ikatangatanga kutoka meza hii hadi ile. Baada ya miezi mitatu mtu mwingine, mkubwa zaidi, aliisoma mbele ya mkutano kama yake. Yule kijana alikuja chumba cha wapiga chapa, akakaa kwenye kiti cha wageni, hakulaumu mtu. Alikaa tu, mpaka mashine zikanyamaza moja moja. Tangu siku hiyo haikutoka karatasi mikononi mwa Bi Taipu bila jina la mwenyewe.

"Mwandikie jina lake," Bibi alimwambia mwenye duka. "Juu, kulia."

"Ukurasa wa kwanza?"

"Kila ukurasa. Kwa herufi nzito."

"Una hakika, Mama? Faili si lako hili."

"Ni la binti yangu. Hajalala siku tatu, amesahau. Fomu anayo, lakini fomu ni karatasi moja. Ikichomoka, basi tena."

Mwenye duka akaandika, akahifadhi kwenye flashi, akachapisha upya nakala zote tatu, akazibana pembeni. Zile za kwanza hakumtoza. "Ni kosa la uchovu," alisema, "na mimi huwa nakosea hivyo hivyo."

Nje ya ofisi ya kongamano kulikuwa na foleni ndefu ya watu wenye bahasha za kaki, wote wakiwa na nyuso za wagonjwa. Bibi alisimama nyuma yao akibadilisha mguu wa kuegemea. Mwanamume mwenye tai iliyolegea akaja kusimama nyuma yake. Akayatazama yale magoti.

"Kakae pale kwenye benchi, Mama. Nafasi yako nitakushikia."

Bibi akaweka mwavuli wake sakafuni pale alipokuwa amesimama. Alipofika kwenye benchi akageuka kutazama. Foleni ilisogea hatua moja, na yule mwanamume akausogeza mwavuli kwa ncha ya kiatu, huku akiendelea kusoma karatasi zake. Bibi akatabasamu peke yake. Alitamani binti yake angekuwepo na daftari.

Benchi lilitazamana na ubao wa matangazo. Bibi alikuwa mtu wa kusoma chochote kilichobandikwa ukutani, basi akavaa miwani akasoma. Kipengele cha nne kilisema: Makala itakayokutwa na jina la mwandishi ndani yake itarudishwa bila kusomwa. Jina liandikwe kwenye fomu peke yake.

Alikisoma mara ya pili. Akatoa nakala moja kwenye bahasha, akatazama juu kulia. Jina la binti yake lilikuwa pale, jeusi, zuri, limenyooka. Saa ya ukutani ilionyesha saa tano na nusu. Dukani ni mwendo wa nusu saa, tena kwa mtu mwenye magoti mazima.

Mwavuli ulifika mlangoni. Mwanamume mwenye tai akamwita.

Ndani, karani wa kongamano alikaa nyuma ya meza yenye daftari kubwa na muhuri. Alikuwa mwanamke wa makamo, miwani yake imefungwa kwa uzi, sauti yake imekauka kwa kusema maneno yale yale tangu asubuhi.

"Mwanangu, nimekosea," Bibi alisema.

Karani hakunyanyua kichwa. "Leo wote wamekosea, Mama. Wewe umekosea nini?"

"Nimeandika jina la mwandishi ndani ya makala."

"Ukurasa upi?"

"Zote."

Sasa karani alinyanyua kichwa.

"Kwa herufi nzito," Bibi aliongeza, maana hakuona faida ya kuficha nusu.

Mwanamume mwenye tai, aliyekuwa amesimama mlangoni, alikohoa ili asicheke.

"Mama," karani alisema polepole, "jina tunalificha ili wasomaji wasijue wanamsoma nani. Wasimpendelee mkubwa, wasimdharau mdogo. Wanatazama kazi tu."

"Kwa hiyo mnalificha ili atendewe haki."

"Ndiyo."

"Na mimi nimeliandika ili atendewe haki." Bibi akaketi bila kukaribishwa. "Hajui. Yuko kwenye mtihani, simu iko kapuni. Mkataba wake umesimama juu ya hizi karatasi. Yeye alizifanya sawa sawa. Mimi ndiye niliyeharibu."

Karani akalitazama daftari, akaitazama saa, akalitazama tundu la flashi kwenye kompyuta yake.

"Kwenye flashi nitalifuta mimi, ni jambo la dakika moja. Tatizo ni karatasi. Printa hii haina wino tangu juzi. Nimeandika barua tatu za kuomba wino. Kwa mkono."

"Wino mweupe wa kufutia unao?"

Alikuwa nao, kichupa kilichokauka nusu. Bibi akapaka jina la kwanza kwa mkono ambao haukuwa umesahau kazi yake, akapuliza, akainua ukurasa dirishani. Jina lilionekana kwa nyuma, kama mtu aliyejificha nyuma ya pazia huku viatu vikiwa nje.

Akaziweka karatasi chini. Akazitazama kwa muda. Nafasi ya juu ilikuwa na upana wa vidole vitatu, na namba za kurasa zilikuwa chini.

"Kipengele kipi kinasema karatasi iwe na urefu gani?" aliuliza.

Karani akasoma kanuni zake kutoka juu mpaka chini akifuatisha kwa kidole. "Hakipo."

"Basi nipe wembe na rula."

Karani akaandika namba arobaini na moja kwenye daftari, mbele yake akaacha mstari mtupu. "Muhuri sigongi mpaka ziwe safi, na saa sita kamili nafunga. Wewe mwenye tai, namba yako arobaini na mbili." Juu ya ule mstari mtupu akaweka kifutio chake, usije ukaandikwa kwa bahati mbaya. Bibi alikiona kile kifutio.

Mwanamume mwenye tai alipogongewa muhuri wake hakuondoka. Akakunja mikono ya shati. "Nikandamize wapi?"

"Hapa. Usisogee hata ukiwashwa na pua," Bibi alisema. "Na wewe umeleta ya nini?"

"Hisabati."

"Mnagombania nafasi moja na binti yangu?"

"Huenda." Akaegemeza uzito wake wote juu ya rula. "Kata, Mama."

Bibi alikuwa ameshang'oa pini; akakata karatasi sita sita, kama walivyokuwa wakikata vyeti siku za mahafali. Wembe mmoja, mkono mmoja, bila kurudia. Mara tisa. Mgongo ulimuuma kuanzia mkato wa tatu, na kufikia wa saba hakuhisi tena vidole. Karani alifuta jina kwenye flashi, akaja kuzipanga kurasa na kuzibana upya. Aliposhika ukurasa wa tano alikawia kidogo.

"Huyu anayeacha kiatu," alisema. "Mimi niliwahi kuacha. Nilirudi nikakikuta kimefika mlangoni kabla yangu."

Ilikuwa saa sita kasoro dakika nne muhuri ulipogonga. Nakala tatu, fupi kuliko zote kwenye rundo, kama watoto walionyolewa na mtu mwenye haraka. Mwanamume mwenye tai akaaga akijinyoosha kiuno. Bibi akaokota vile vipande vilivyokatwa, kimoja kimoja, akaviweka mkobani. Hakuweza kuliacha jina la mwanawe kwenye pipa la takataka.

Simu ikalia akiwa bado kwenye kiti.

"Mama, ulifika?"

"Nilifika. Namba arobaini na moja."

"Hawakusema kitu?"

"Wamesema karatasi zetu fupi." Bibi akavuta pumzi. "Mwanangu, niliweka jina lako kwenye makala. Nilidhani umesahau. Kisha nikalikata."

Upande wa pili zilisikika sauti za wanafunzi wakitoka kwenye mtihani, wakibishana juu ya swali la tatu.

"Umelikata mara ngapi?" binti aliuliza hatimaye.

"Mara hamsini na nne."

Ikasikika pumzi ndefu, halafu kitu kilichokaribia kuwa kicheko, kikakosa nguvu njiani. "Nenda nyumbani ukalale, Mama. Nami nakuja kulala. Wakikataa, watakataa tukiwa usingizini."

Bibi akafunga mkoba, akajaribu kusimama. Mara ya kwanza magoti yalikataa. Karani alizunguka meza, akamshika kiwiko, akamsindikiza mpaka mlangoni, akamkabidhi mwavuli. Korido nzima ilikuwa tupu sasa.

"Watamkubali?" Bibi aliuliza.

"Hilo silijui, Mama, na nikikwambia najua nitakuwa nimekudanganya. Mimi napokea tu. Lakini zitafika mezani kwao leo hii, nazipeleka mwenyewe."

"Mungu akuzidishie."

Karani alibaki ameshika fremu ya mlango, miwani ikining'inia kwenye uzi wake. "Wanaokuja hapa huja wakiwa wamechelewa. Wakishagongewa muhuri hawageuki hata kuniuliza jina langu." Akaupangusa mkono wa Bibi chembe za karatasi zilizobaki. "Uje tena, Mama. Uje siku ambayo hujachelewa."