Waliotoka Kabla ya Mwisho

Mtu wa kwanza aliinuka dakika ya kumi na moja. Mama Milango alimjua kabla hajainuka: mabega yalitangulia, mkono ukapapasa mkoba, kisha macho yakaanza kutafuta njia. Akabonyeza komeo kwa kidole gumba, akauvuta mlango kiasi cha mtu kupita ubavu, akamtoa, akaurudisha bila kuuacha ulie. Kisha akachora mstari mmoja kwenye karatasi.

Karatasi ile ndiyo iliyomchosha, si miguu. Miguu alishaizoea. Mwaka wa ishirini na mbili huu alikuwa akisimama kwenye mlango wa ukumbi ule kila tamasha la muziki lilipofika, siku nane mfululizo. Kila mwaka miguu ilivimba siku ya tatu, mumewe akamwekea beseni la maji ya chumvi na kumwambia, "Acha basi, mke wangu," naye akajibu, "Mwakani." Jina la Mama Milango alipewa na wapiga fidla, likamganda. Hata mumewe siku akitaka ugomvi mdogo wa mapenzi humwita hivyo.

Karatasi alipewa siku ya kwanza na mwenyekiti wa kamati, daktari wa meno mstaafu ambaye bado aliongea na watu kana kwamba wamefungua mdomo na hawawezi kujibu.

"Mama, wewe unamwona kila anayetoka," alimwambia. "Tuandikie tu. Onyesho gani, dakika ya ngapi, watu wangapi. Tunataka kumpima mkurugenzi wa tamasha kwa haki."

"Na anayetoka akitaka kurudi?"

"Anayetoka ametoka, mama."

Mkurugenzi mwenyewe alikuwa na miaka miwili tu pale. Aliyemtangulia alikaa miaka ishirini, na ratiba yake ungeweza kuisoma umefumba macho: kishindo cha kufungulia, walsi ya kuchezea dansi katikati, kishindo cha kufungia. Watu walipiga makofi mahali palepale kila mwaka, wakarudi makwao wameridhika, na kesho yake hakuna aliyekumbuka kitu. Huyu mpya alifuta walsi zote. Akaleta kazi za watunzi waliosahaulika, na nyingine za watunzi walio hai ambao hakuna aliyewahi kuwasikia. Wazee wa viti vya mbele walinuna. Barua zikaandikwa. Ndipo kamati ilipokumbuka kwamba kuna mtu mlangoni.

Mama Milango alikuwa na hukumu yake, ila hakuna aliyemwomba. Aliitoa nyumbani, miguu ikiwa kwenye beseni.

"Siku ya pili ameweka maombolezo, halafu akaweka maombolezo mengine juu yake," alimwambia mumewe. "Kama unamnywesha mtu dawa, hajameza, unamjazia kijiko cha pili. Na kesho kutwa anafunga tamasha na watu wanne wa fidla, saa nzima na nusu, hakuna mapumziko. Tena ametoa amri, anayetoka haingii tena."

"Wewe tangu lini ukawa mjuzi wa muziki?"

"Muziki siujui. Najua watu wanavyokaa. Yule bwana anapanga ratiba kama mtu asiye na kibofu."

Mumewe alicheka mpaka akamwaga chai.

Sasa ilikuwa siku hiyo ya mwisho, saa kumi kasorobo alasiri, na wale wanne walikuwa wameinama juu ya vyombo vyao kama watu wanaotafuta sindano iliyodondoka. Muziki ulikuwa wa chini sana. Ulisikia kiti kikilalamika safu ya kumi. Mpaka dakika ya ishirini na tano walishatoka watu arobaini na wawili, na wote walikuwa wa aina moja: walitoka wima, wakigonga visigino, wakitaka waonekane. Bibi mmoja aliyevaa lulu alimnong'oneza akipita, "Upuuzi mtupu," kana kwamba Mama Milango ndiye aliyeutunga. Mistari ikajaa karatasini. Mwenyekiti, aliyekaa kiti cha pembeni, aligeuka mara mbili kuitazama, akageuka tena mbele ametulia.

Kisha ukimya. Dakika kumi na tano hakuna aliyetikisika.

Ilipofika dakika ya arobaini, wakaanza kuinuka watu wa aina nyingine. Hawa walitoka wameinama, kwa aibu, wakimgusa mkono. "Msalani ni wapi, mama? Narudi sasa hivi."

"Ukitoka hutaweza kurudi."

"Sasa nifanyeje?"

Aliwafungulia mmoja mmoja, na mzee mmoja alipita huku akitazama nyuma jukwaani, shingo imepinda, mpaka akajigonga kwenye kizingiti. Alipomfungulia wa nane, mlango ukagota kitu laini. Lilikuwa bega. Akachungulia. Wale aliodhani wamekwenda zao walikuwa wamepangana ukutani kwenye korido, mikono imefungwa, vichwa vimeinamia upande wa mlango. Hakuna aliyekuwa akizungumza. Mwanamume mmoja alikuwa ameketi sakafuni na koti lake zuri, amefumba macho.

Mama Milango alirudi ndani. Karatasi mkononi, kalamu juu yake. Anayetoka ametoka. Badala ya mstari akachora duara dogo. Kisha akarudi nyuma kuwachorea maduara na wale saba waliotangulia.

Halafu akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka ishirini na mbili. Aliuacha mlango wazi, upana wa vidole viwili, akauzuia kwa ncha ya kiatu.

Uzi wa mwanga wa korido ukaanguka kwenye zulia, ukapanda mgongo wa kiti cha mwisho. Mkurugenzi alikuwa amesimama ukutani upande wa pili wa ukumbi. Aliuona. Akamtazama Mama Milango, akatikisa kichwa, akaleta viganja vyake viwili pamoja polepole: funga.

Akafunga. Nje kwenye korido mtu mmoja alishusha pumzi, akaisikia kupitia ubao.

*

Makofi yalipokwisha na ukumbi ukabaki na karatasi za ratiba chini ya viti, mkurugenzi alimjia. Shati lilikuwa limemlowa mgongoni. Kwa karibu hakuwa kijana kama Mama Milango alivyodhani. Chini ya macho ngozi ilikuwa imechoka kama ya mlezi wa mapacha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Najua kuhusu hiyo karatasi. Wangapi?"

"Sitini na mmoja."

Alikubali kwa kichwa, kama mtu aliyetajiwa jina la ugonjwa ambao alishaujua. "Na wewe? Ungetoka?"

"Mimi nitatokaje, mwanangu? Mimi ndiye mlango." Akaketi kwenye kiti cha karibu, akavua kiatu kimoja. "Keti nikwambie, maana kesho hutapata wa kukwambia. Ulichagua vizuri. Ukapanga vibaya. Arobaini na wawili walikwenda kwa hasira, hao waache, hata uwapigie walsi watalalamikia baridi. Lakini kumi na tisa walikwenda msalani. Nao walisimama hapo nje mpaka mwisho, wamebandika masikio kwenye ubao. Wewe ukanionyesha nifunge."

Mkurugenzi alitazama mlango.

"Nilidhani mwanga ungewaharibia wapigaji," alisema.

"Wapigaji walikuwa wamefumba macho."

Alijaribu kucheka, sauti ikamkatikia njiani. "Muziki ule nimeutafuta miaka sita, mama. Niliogopa mtu akipewa nafasi ya kupumua atakimbia."

"Mtu akinyimwa pumzi ndipo anapokimbia," alisema Mama Milango, akakunja vidole vya mguu na kuvikunjua. Alikuwa amechoka mno kumhurumia ipasavyo, na hilo lilimsumbua.

*

Kamati ilikaa kesho yake saa nne asubuhi, watu saba na jagi la maji. Mama Milango aliitwa, akasimama, kwa kuwa hakuna aliyemwonyesha kiti. Akasoma siku zote nane. Alipofika kwenye sitini na mmoja, mwenyekiti alipiga kalamu mezani, taratibu.

"Ahsante sana, mama. Hiyo inatosha."

"Haitoshi. Humo kuna kumi na tisa ambao hawakutoka."

"Waliotoka ni sitini na mmoja. Umesema mwenyewe."

"Walitoka kwa haja, mwenyekiti. Walitaka kurudi, mimi nikawazuia. Mkurugenzi mlaumuni kwa amri ile, na kwa kunyima watu mapumziko. Hapo nami nitamlaumu pamoja nanyi, miguu yangu ni shahidi. Lakini msiseme muziki wake uliwafukuza. Niliwaona kwa macho yangu."

Mjumbe mmoja, mwanamke aliyekuwa akifundisha kinanda, aliinua uso. "Walikuwa wanasikiliza?"

"Kupitia ubao, mwalimu. Ubao wa inchi mbili."

Mwenyekiti akafunua jalada kutafuta miwani, na Mama Milango, ambaye kazi yake ilikuwa kuona, akaiona barua. Ilikuwa imeshachapwa. Jina la mkurugenzi juu, tarehe ya siku tatu nyuma, chini pengo la sahihi. Mwalimu wa kinanda naye aliiona. Aliyashusha macho yake, akajimiminia maji ambayo hakuyanywa.

"Tumekusikia, mama," alisema mwenyekiti. "Karatasi utatuachia."

Aliiacha. Mistari na maduara, yote.

Mkurugenzi hakuongezewa mkataba. Jambo hilo lilitangazwa kwa sentensi mbili, na ya pili ilikuwa ya shukrani.

Lakini siku ile, alipotoka kwenye kikao, Mama Milango alipita ukumbini kuchukua kandambili zake. Mlangoni alimkuta mwanamke wa makamo ameshika mfuko wa nguo za dobi, anasitasita kama aliyekuja kudai kitu asichokuwa na risiti yake.

"Samahani, mama. Wewe ndiye wa mlangoni jana? Mimi nilikuwa huko nje na wenzangu. Mpaka karibu na mwisho tulikuwa tunasikia, halafu ikashuka, hatukupata kitu tena. Nimelala nayo. Ilikuwaje mwisho?"

"Mimi si mwanamuziki, dada."

"Hata kidogo tu."

Mama Milango alitazama jukwaa tupu, viti vinne bado vikiwa vimeelekeana. Akakohoa kusafisha koo. Alianza kuuimba ule mwisho, juu mno, akakwama, akaomba radhi, akaanza upya chini zaidi, kwa sauti yake ya jikoni, na yule mwanamke akaweka mfuko chini, akasogea.